Piano Angani, Wapangaji Wawili

SEHEMU YA SITA

Piano ilikuwa bado inaning'inia.

Wiki iliyopita tuliiacha hapohapo, msomaji wangu. Piano nyeusi, kilo mia mbili na ushei, imefungwa mikanda miwili tumboni, inazunguka polepole hewani usawa wa ghorofa ya kwanza. Chini yake, kando ya barabara, amesimama Bi Solange Pelchat, mwalimu wa piano mwenye miaka hamsini na minane, mkataba mkono huu, ufunguo mkono ule. Na juu, kwenye roshani ya ghorofa ya pili, roshani ya nyumba aliyoipanga yeye, ndipo alipochomoza mwanamume asiyemjua, kavaa fulana ya ndani, anatafuna mkate wenye jibini.

"Samahani, mama!" akaita yule mwanamume. "Hiyo piano inakwenda kwa nani?"

"Kwangu!"

"Kwako wapi?"

"Hapo uliposimama!"

Mwanamume akaacha kutafuna.

"Basi kuna kosa, mama. Hapa niliposimama ni kwangu."

Réjean, mwenye lori la winchi, akataja vyombo vyote vya altare, kikombe, sahani na kikabati chake, kama watu wa kwao wanavyotukana, wala si kwa nia ya kusali.

"Bi Solange, leo Julai Mosi," alisema. "Mikataba yote ya Montreal imeisha, jiji zima linahama. Saa nne na nusu nina friji ya mtu kule Rosemont. Piano inaingia, au naishusha hapa kwenye magodoro ya watu?"

"Ishikilie hapohapo!"

"Hapohapo? Hebu angalia ilipo!"

Bi Solange akaangalia.

Piano ilikuwa mbele ya dirisha la Bi Huguette Lachapelle, mmoja wa wenye nyumba. Pazia lilikuwa limefungwa. Lakini mtaa mzima wa Outremont unajua kwamba Bi Huguette hufungua pazia lake saa nne kamili, kiangazi na masika, na saa ya Bi Solange ilionyesha saa nne kasoro dakika tisa.

Kwani ubaya uko wapi? Ubaya uko kwenye mkataba. Mstari wa kwanza: hakuna watoto. Wa pili: hakuna wanyama. Wa tatu: hakuna ala za muziki za aina yoyote. Na kwenye fomu ya maombi, mbele ya neno "kazi", Bi Solange alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: mkutubi mstaafu. Mbele ya "burudani" akaandika: kusoma kimya kimya. Lile neno "kimya" alilirudia makusudi, na alijipongeza.

Usimhukumu haraka. Wanafunzi wake kumi na mmoja wote wanakaa Outremont, watoto wa madaktari na mawakili, na mama zao hawawezi kumtuma mtoto nje ya mtaa kujifunza muziki hata kama mwalimu ni malaika. Kukaa mbali ni kukosa kazi. Na kukaa karibu, nyumba ya vyumba vinne na nusu mtaani humo sasa ni dola elfu mbili na mia saba kwa mwezi. Hii ilikuwa elfu moja na mia nne. Kwa bei hiyo hata wewe ungekuwa mkutubi.

Akapanda ngazi ya chuma mbio, ile ya nje inayojipinda, kisha ile ya ndani. Akatia ufunguo mlangoni. Ukazunguka laini kabisa.

Hicho ndicho kilichomuuma. Ufunguo ulikuwa wa nyumba hiyo kweli.

*

"Fabrice Ouimet," alisema yule mwanamume, akimnyooshea mkono wenye jibini.

"Sikuja kusalimiana. Mkataba wako uko wapi?"

Wakaweka karatasi mbili mezani, bega kwa bega. Nyumba ileile. Tarehe ileile. Marufuku zilezile tatu, zimepigwa kwa taipureta ileile yenye herufi r iliyovunjika mguu. Tofauti ilikuwa moja tu. Mkataba wa Bi Solange ulikuwa na sahihi ya Rosaire Lachapelle. Wa Fabrice ulikuwa na sahihi ya Huguette Lachapelle.

"Huyu Rosaire ni nani?" Fabrice akauliza.

"Ni kaka yake Huguette. Anakaa ghorofa ya chini."

"Mbona hajaniambia kama ana kaka?"

"Hawasemezani. Mwaka wa tisa huu."

"Kisa?"

"Bakuli la supu la marehemu mama yao. Rosaire ana bakuli, Huguette ana mfuniko."

Fabrice akaketi juu ya boksi.

"Haya, sikiliza, mama yangu. Bi Huguette alinipa ufunguo jana mchana. Nimelala hapa. Aliyelala kwanza ndiye mwenyeji."

"Sheria hiyo umeisoma wapi?"

"Shemeji yangu kaniambia."

"Shemeji yako ni wakili?"

"Fundi bomba."

"Basi mwambie abaki na mabomba yake!" Bi Solange akagonga meza. "Bwana mdogo, leo saa moja asubuhi nimekabidhi ufunguo wa nyumba niliyokaa miaka kumi na sita. Natoka na mkoba, wenzangu wanaingiza kitanda. Sina pa kurudi. Umenielewa? Sina!"

"Na mimi unadhani ninapo?"

Kutoka chini honi ya lori ikalia. Kisha sauti ya Réjean: "Zimebaki dakika sita, Bi Solange! Kamba si ya chuma hii!" Ilikuwa ya chuma, lakini Réjean alipenda kuwapa watu shinikizo.

Hapo ndipo stoo ya mifagio ilipopiga chafya.

Bi Solange akageuka. Fabrice akaanza kukohoa kwa nguvu, kikohozi cha mtu asiyeumwa.

"Una paka?"

"Mimi? Sina."

"Kuna kitu kimepiga chafya."

"Nyumba za zamani hizi, mbao zinalia."

Mlango wa stoo ukafunguka kidogo, na sauti nyembamba ikatoka gizani:

"Baba, Jeanne anakojoa."

*

Walikuwa wawili. Flavie, miaka mitano, na mdogo wake Jeanne, miaka mitatu, wameketi katikati ya mifagio na tochi na bati la biskuti. Jeanne alikuwa kweli anakojoa, na hakuwa na wasiwasi wowote.

"Mimi sijaongea," Flavie akajitetea. "Nimeongea sasa hivi tu, kwa sababu imefika kwenye kiatu changu."

Fabrice hakumtazama Bi Solange. Alichukua taulo, akapiga magoti, akaanza kupangusa sakafu.

"Ulimwandikia nini Bi Huguette?" Bi Solange akauliza taratibu.

"Kwamba naishi peke yangu."

"Ukathubutu!"

"Nimeomba nyumba kumi na nne, mama. Kumi na nne. Kila nikisema nina mabinti wawili, naambiwa ooh, samahani, imechukuliwa dakika hii hii. Wiki ijayo tangazo liko palepale. Sheria inasema huwezi kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya watoto, na hakuna anayekunyima. Nyumba tu ndiyo huwa imechukuliwa. Ya kumi na tano nikanyamaza."

Bi Solange akawatazama wale watoto. Akatazama mkataba. Kichwani mwake, msomaji wangu, kulikuwa na malaika wawili wanaozozana, na yule mwenye busara alikuwa amekwenda likizo.

"Bwana Fabrice," alisema, "macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Mimi humu ndani sijaona mtoto."

Fabrice akainua uso. Haikumchukua muda.

"Ajabu," alisema. "Na mimi huko nje sijaona piano."

"Mlango wa roshani!"

"Flavie, shika mdogo wako! Wewe kaka wa winchi! Pandisha!"

Winchi ikanguruma. Piano ikaanza kupanda, sentimita kwa sentimita, huku kanisa la jirani likipiga kengele ya kwanza ya saa nne. Kengele ya pili, mgongo wa piano ukafika ukingo wa roshani. Kengele ya tatu, Fabrice akaukamata mkanda, Bi Solange akamkamata Fabrice kiunoni. Kengele ya nne, pazia la Bi Huguette likafunguka shwaa!

Alichokiona Bi Huguette ni kikanyagio kimoja cha shaba, kinang'aa, kinapaa mbinguni.

Alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Kulikuwa na anga tu, na Réjean anayejifanya kufunga kamba ya kiatu.

*

Robo saa baadaye mlango ukagongwa.

Walikuwa wamejiandaa, kwa kadiri mtu anavyoweza kujiandaa ndani ya robo saa. Piano ilikuwa imefunikwa shuka la maua na kupangwa sahani juu, ikawa kabati la vyombo. Flavie na Jeanne walikuwa chini yake, nyuma ya shuka, wameapishwa kimya kwa biskuti sita kila mmoja. Kilichobaki ni kuamua nani afungue.

"Wewe fungua," Fabrice akanong'ona.

"Kama ni Bi Huguette? Mimi hanijui."

"Kama ni kaka yake? Mimi hanijui."

Wakafungua pamoja.

Walikuwa wote wawili. Bi Huguette, miaka sitini na minane, mnyoofu kama mshumaa, ameshika pai ya sukari ya kumkaribisha mpangaji wake. Nyuma yake, ngazi moja chini, kaka yake Rosaire, miaka sabini na moja, kofia kichwani, ameshika chupa ya matango ya siki ya kumkaribisha mpangaji wake. Walikuwa wamepanda ngazi ileile wakijifanya kila mtu yuko peke yake.

"Bwana Ouimet," alisema Bi Huguette, "huyu mwanamke ni nani?"

"Bi Solange," alisema Rosaire, "huyu mwanamume ni nani?"

Mikataba miwili mezani ilijibu. Bi Huguette akaisoma yote miwili, akaweka pai chini, akamgeukia Fabrice.

"Bwana Ouimet, mwulize huyo mzee aliye nyuma yangu kwa nini amepangisha nyumba yangu."

Fabrice akamtazama Rosaire, aliyekuwa umbali wa mkono mmoja. "Bwana Rosaire, Bi Huguette anauliza—"

"Nimesikia, sina ugonjwa wa masikio. Bi Solange, mwambie huyo bibi nusu ya nyumba hii ni yangu."

"Bi Huguette, anasema nusu—"

"Mwambie nusu yake ni ile yenye panya."

"Anasema yenye—"

"Mwambie panya walikuja na jibini lake la bluu!"

"Jamani!" Bi Solange akalia. "Mko chumba kimoja!"

Lakini ndani ya moyo wake alikuwa anacheka. Maana alikwisha kuona jambo moja: watu hawa wakiendelea kugombana hivi, hakuna atakayekumbuka kumfukuza mtu. Ugomvi wao ndio paa la wapangaji, yeye na Fabrice.

Ting.

Sauti moja ya piano, nyembamba, kutoka ndani ya kabati la vyombo.

Shingo zote zikaligeukia kabati.

"Simu yangu," alisema Bi Solange. "Ndivyo inavyolia."

Ting. Tong.

"Ujumbe."

Chini ya shuka, Jeanne alikuwa ameifikia biskuti ya sita, na sasa alikuwa amegundua kwamba kile kibao cha piano juu ya kichwa chake kinafunguka. Kilichofuata hakikuwa ujumbe. Kilikuwa mikono miwili ya mtoto wa miaka mitatu kwenye vibonye vyote inavyoweza kufikia, na sahani tano za Fabrice zikitetemeka juu kama meno ya mtu mwenye baridi.

Bi Huguette akalivuta shuka.

*

"Watoto," alisema Bi Huguette.

"Na piano," alisema Rosaire.

"Mmoja kanificha watoto."

"Mwingine kanificha piano."

"Mkutubi mstaafu, eti."

"Anaishi peke yake, eti."

"Watoke."

"Wote wawili."

"Leo."

"Leo hii hii!"

Kisha wakatazamana. Walikuwa wamesemezana. Bila mkalimani.

"Umezeeka, Rosaire."

"Na wewe umekonda, Huguette."

Lilikuwa jambo la kugusa moyo, na lilikuwa maafa. Fabrice akawa mweupe kama ukuta. Alimnyanyua Jeanne, akamkumbatia. Siku ya Julai Mosi, nyumba zote Montreal zimeshajaa. Mtu na mabinti wawili angekwenda wapi? Na Bi Solange angekwenda wapi na piano?

Ndugu wawili wakipatana, wapangaji wanalala nje. Basi lazima wasipatane.

Bi Solange akainamisha kichwa, akafanya sauti ya mtu aliyetubu.

"Tumekosa. Tutatoka. Haki yenu kabisa. Ila barua ya kututoa ni lazima iwe na sahihi zenu wote wawili. Nauliza tu, ili tujue kuisoma: jina la nani litatangulia?"

"La kwangu," alisema Rosaire. "Mimi mkubwa."

"La kwangu," alisema Bi Huguette. "Mama alifia kwangu."

"Alifia kwako kwa sababu kwangu alikuwa ameshapona!"

Fabrice, ambaye si mjinga hata kidogo, akaelewa mchezo.

"Na barua mtaiandikia wapi?" akauliza kwa upole. "Kwa Bi Huguette, au kwa Bwana Rosaire, pale kwenye lile bakuli zuri?"

Kama ungekuwapo, msomaji, ungejificha mvunguni mwa meza.

"Bakuli la MAMA!" Bi Huguette akapasuka. "Analitilia funguo na sarafu, huyu mshenzi!"

"Na wewe mfuniko umeupandia maua!"

"Bwana Ouimet, mwambie huyu mzee sijui jina lake!"

"Bi Solange, mwambie huyu bibi kwaheri ya miaka tisa mingine!"

Mlango ukagonga ukuta. Ngazi zikalia. Mlango wa ghorofa ya kwanza, pwaa. Mlango wa ghorofa ya chini, pwaa. Bi Huguette alikuwa amerudi na pai yake, lakini chupa ya matango ilibaki mezani.

Flavie akachungulia.

"Tumefukuzwa?"

"Bado," alisema Bi Solange, akifungua chupa. "Chukua tango."

*

Mchana wakagawana nyumba. Bi Solange na piano, sebule ya mbele. Fabrice na mabinti, vyumba viwili vya nyuma. Jiko la wote. Bafu, ile nusu ya "vinne na nusu", kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni, na Jeanne akapewa haki ya dharura.

Saa kumi walikuwa wameketi juu ya maboksi, wanakula piza kwenye karatasi yake na bia ya vuguvugu, kama kila mtu jijini siku hiyo. Simu ya Bi Solange ikaita. Akatoka roshanini.

"Bi Solange." Ilikuwa sauti ya Rosaire, ananong'ona. Bi Solange akachungulia chini. Kofia yake ilikuwa pale, kwenye kibaraza cha ghorofa ya chini, simu sikioni. "Nimefikiri. Piano baki nayo. Kodi ileile. Lakini huyo mtu wa dada yangu nataka awe ametoka kufikia Ijumaa. Mchokoze, mnyime usingizi, shauri yako. Ijumaa ikifika yumo, unatoka wewe."

Bi Solange aliporudi, Fabrice alikuwa anatoka bafuni, simu mkononi.

"Nani?" Bi Solange akauliza.

"Namba imekosewa. Na wewe?"

"Mwanafunzi."

Wakatabasamu. Kila mmoja akamkatia mwenzake kipande kikubwa kuliko chake, na hiyo, kati ya watu wazima, ni dalili mbaya sana.

Bi Solange alitafuna, na mawazo yakaja. Angeweza. Mazoezi ya piano ya saa kumi na moja alfajiri, kila siku, mikono miwili. Mtu na watoto asingemaliza siku tatu. Akamtazama Jeanne, aliyekuwa anaipamba piza kwa vipande vya tango, mawazo yakamwondoka. Yakarudi. Aliipenda sana ile sebule.

"Baba," alisema Flavie.

"Mh."

"Yule aliyekosea namba, mbona umemwambia 'asante Bi Huguette'?"

Piza ikamkwama Fabrice kooni. Bi Solange akampiga mgongoni, mara tatu, na ya tatu ilizidi kidogo mahitaji ya tiba.

"Umepewa mpaka lini?" akauliza.

"Alhamisi," alisema Fabrice, macho chini. "Mtoe Bi Solange kufikia Alhamisi, watoto wabaki. Sikumwambia ndiyo, mama. Wallahi sikusema ndiyo. Nilisema asante tu."

"Alhamisi?" Bi Solange akacheka mpaka bia ikamwagika. "Mimi kaka mtu kanipa mpaka Ijumaa! Wewe umedharauliwa, kijana wangu."

Basi ikabidi wacheke wote. Walipochoka kucheka, Bi Solange akasogeza boksi lake karibu.

"Sikiliza. Kila mmoja kule chini ametega sikio, anangoja mpangaji wake ashinde. Wakisikia vita, watatulia. Watangoja. Watatusogezea na siku, kwa sababu hakuna atakayetaka kukubali kwamba wa mwenzake ni bingwa. Tukigombana polepole, kwa mpango, vita hii inaweza kufika Krismasi."

"Na baada ya Krismasi?"

"Hakuna anayefukuza mtu kwenye theluji, akaja kanisani Jumapili."

Fabrice akamtazama kwa heshima mpya.

"Mimi sijui kumtukana mtu mzima."

"Utajifunza. Fungua madirisha. Yote. Flavie, Jeanne, huu ni mchezo, sawa? Baba na bibi wanaigiza."

Watoto wakapiga makofi. Fabrice akachukua mwiko na sufuria. Bi Solange akajaza pumzi kifuani.

"WEWE MWANAMUME! Miguu yako inanuka mpaka rangi ya ukuta inabanduka!"

"Na wewe umetuletea jeneza lenye meno!" Pwaa, pwaa, sufuria.

"Jeneza? Kichwa chako ndicho jeneza, na ndani hakuna maiti!"

Flavie akaanguka kwenye boksi kwa kicheko. Jeanne akapiga kelele za furaha bila kuelewa. Chini, dirisha la Bi Huguette likafunguka. Chini zaidi, kiti cha Rosaire kikakwaruza sakafu. Walikuwa wanasikiliza! Fabrice akakonyeza. Bi Solange akanogewa. Miaka thelathini alikuwa amewaambia watoto wa matajiri "vizuri sana, mpenzi, rudia tena", na sasa, kumbe, alikuwa na haya yote tumboni.

"Kinanda kibovu!" Fabrice akaunguruma. "Mchawi wa piano!"

"Mlafi! Mvivu! Unakoroma ukiwa macho!"

"Utatoka wewe!"

"Nitoke mimi? Nani atakaa na wewe? Nani? Ndiyo maana mkeo alikukimbia!"

Sufuria ikanyamaza.

Bi Solange hakuwa anajua chochote. Hakuwa ameuliza habari za mke, wala hakuwa ameambiwa. Alikuwa ametia mkono kwenye lile gunia la matusi ya zamani, akatoa lililokuwa juu.

Fabrice alibaki ameinua mwiko. Jeanne aliendelea kucheka peke yake, kisha naye akaacha. Flavie alinyanyuka kutoka kwenye boksi, polepole, akajivuta gauni likae sawa.

"Baba," aliuliza, "bibi amejuaje?"

Kwenye ngazi, mtu alikuwa anapanda. Na nyuma yake, mwingine, mzito zaidi.

"Fabrice," Bi Solange akanong'ona. "Mwanangu. Sikujua. Naapa, sikujua."

"Endelea," alisema Fabrice.

"Nini?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini aliushusha mwiko kwenye sufuria, pwaa, mara moja, kwa nguvu, ili wasikie walioko ngazini.

"Wanakuja, Bi Solange. Nina watoto. Endelea kunitukana."

Bi Solange akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakukuwa na neno ndani yake.

Kitasa cha mlango kikazunguka.